Kona ya digrii 45 isiyoacha mwanya

Mwanya wa kona haufichiki. Ukiuziba kwa gundi na unga wa mbao, ukipaka vanishi tu unatokeza na rangi yake tofauti. Mwaka niliopata msumeno wa kona wa umeme hapa Ngamiani, Tanga, nilitengeneza fremu ya kioo kwa mteja wa Raskazone. Kona tatu zilifunga, hata unywele haupiti. Ya nne ingepitisha kidole cha mtoto. Nikabana kwa jiriwa mpaka zile tatu nazo zikaanza kuachia. Nikaulaumu ubao, kumbe kosa lilikuwa ile namba 45 iliyochongwa kwenye mashine, nami nikaiamini.

Fremu ina mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu digrii upande uleule, kona ya mwisho inabeba digrii 4 nzima. Kwa ubao wenye upana wa milimita 70, huo ni mwanya wa karibu milimita 7.

Hatua ya 1: Skwea kwanza, kile kifaa cha kupimia pembe ya digrii 90. Skwea iliyowahi kuanguka sakafuni usiiamini. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze, uchore tena palepale. Mistari ikiachana, tafuta nyingine.

Hatua ya 2: Mkato wa mraba. Chomoa waya. Simamisha skwea mezani iguse bati la bledi, si meno, maana meno yametanuka. Kisha chomeka, weka pembe ya mashine sifuri, kata ubao mpana katikati. Geuza kipande kimoja chini juu, uvikutanishe tena vikiegemea mgongo wa mashine (kile chuma cha nyuma). Mwanya utakaouona ni kosa lako mara mbili, ndiyo maana jaribio hili halikufichi kitu.

Hatua ya 3: Digrii 45. Kata vipande viwili vya mabaki, viunganishe, weka skwea. Kona ikiwa wazi kwa ndani, umezidisha 45. Ikiwa wazi nchani, kwa nje, umepunguza. Rekebisha skrubu za mashine. Kosa likiwa dogo mno, mimi huchomeka karata moja kati ya ubao na mgongo, karibu na bledi au mbali nayo, nikaona inavuta upande upi. Ubao wenye nakshi haugeuziki, utakata kushoto na kulia. Basi jaribu pande zote mbili, maana mara nyingi hazilingani.

Hatua ya 4: Urefu. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Pembe inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini vipande vinavyotazamana vikipishana milimita 2, kona hazifungi. Usipime kila kimoja kwa futi. Bana kipande cha mbao mezani kiwe kizuizi, uvikate vyote viwili kwa kizuizi hichohicho. Futa vumbi kila mara: likijibana hapo, kipande kinatoka kifupi.

Hatua ya 5: Kata. Bledi ya meno 24 ni ya kupasulia. Kona inataka meno 60 au 80. Kwenye mshazari bledi huuvuta ubao uteleze, kwa hiyo gundisha msasa kwenye mgongo na ubane. Washa, subiri kasi kamili, shusha polepole, achia swichi, subiri isimame ndipo uinue. Vidole viwe mbali sentimita 15. Miwani vaa, glavu usivae: jino likiidaka, inaondoka na mkono.

Maswali

*Muheza: Shikamoo fundi. Nimetumia mtiki wa Longuza, kona zilikuwa safi. Baada ya miezi miwili zimefunguka kwa ndani.*

Marahaba. Mashine yako haina kosa, mbao ilikuwa mbichi. Ikikauka husinyaa upana, urefu hubaki karibu vilevile, hivyo ncha inakuwa kali kuliko 45. Ingefunguka kwa nje ningesema ilikuwa kavu ikanywa unyevu wa masika. Panga mbao kivulini na vijiti katikati zipitishe hewa, uwe na subira. Mteja akikuharakisha, mwambie ukweli kabla hujapokea malipo ya awali.

*Pangani: Kona ya ukuta si digrii 90. Nimepima, ni 94.*

Nyumba gani ina kona ya 90! Gawa 94 kwa mbili upate 47, kisha toa kwenye 90. Weka mashine 43, kwa sababu inahesabu kuanzia mkato wa mraba.

*Korogwe: Kona inafunga lakini gundi haishiki.*

Ncha ya ubao hunywa gundi kama mrija. Paka, subiri dakika chache, paka tena, ndipo ubane. Fremu nzito iongezee kipande chembamba cha mbao kinachokatiza kona.

*Chumbageni: Kaka, mimi nina msumeno wa duara wa mkononi tu.*

Unatosha kuanzia. Bana ubao ulionyooka kwa digrii 45 uuongoze. Bledi yake hukata ikipanda juu, uso mzuri uulaze chini, la sivyo utachanika. Na mvule ukiwa ndio unaokata, funga pua; vumbi lake linawasha.