Kisu cha dharura cha baharini: tazama mpini kwanza

Wanaoniletea visu hapa Lamu huanza kwa kusifu makali. Makali hunolewa. Kinachokiua kisu huku ni chumvi iliyojificha ndani ya mpini, kwa hiyo tuanzie huko.

Hatua ya 1: Fuata chuma mpaka kinapoishia. Geuza kisu utazame ukingo wa mpini. Ukiona chuma kimepita katikati ya vipande viwili vya mti hadi kitakoni, hicho kinafaa. Visu vingi vya jikoni chuma huingia kidogo tu kwenye plastiki, na siku ukikigonga mgongoni kupasulia kuni, huvunjika shingoni. Hiyo shingo nayo ikague: pale bapa linapopungua kuingia mpinini pawe na mviringo. Kona iliyokatwa mraba hukusanya nguvu ya kila pigo, na ufa huanzia hapo. Ama ile mipini yenye uwazi wa kuwekea ndoana, na dira kwenye kifuniko, hiyo ni ya kumvutia mnunuzi.

Hatua ya 2: Pima. Mgongo uwe na unene wa mm 4 hadi 5, bapa sm 10 hadi 15. Ukitaka zaidi, chukua panga. Meno ya msumeno mgongoni achana nayo. Hayakati mti sawasawa na hukuharibia mahali pa kugonga.

Hatua ya 3: Chagua chuma kwa safari yako. Chuma cha springi ya lori ni kigumu, hunoleka upesi hata kwa tupa, lakini kikirushiwa maji ya bahari jioni, asubuhi kina kutu. Kinamfaa mtu wa bara, kama vile wa miji ya Hindi na Mpeketoni. Anayelala mashuani achukue chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Jina hilo nalo limetiwa chumvi: bahari hukitoboa vitundu vidogo vidogo usipokiosha.

Hatua ya 4: Ziba mpini. Hii ndiyo kazi yenyewe. Mpini ukiwa na skrubu, fungua, osha kwa maji matamu, anika, paka grisi, rudisha. Ukiwa na ribiti, yaani pini zilizogongwa vichwa pande zote mbili, jaza kila mwanya kwa gundi ya epoksi. Ribiti za shaba zinapendeza, ila shaba na chuma cha springi vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho huliwa. Mti mgumu kama mbambakofi unafaa ukinyweshwa mafuta. Mpini wa kuzungushiwa kamba siupendi, kwani kamba hushika maji usiku kucha.

Hatua ya 5: Noa. Nyuzi 20 hadi 25 kila upande. Usiyalainishe makali yakang'aa kama kioo. Makali yaliyobaki na ukwaruzo kidogo wa kinoo ndiyo yanayoshika kamba ya nailoni, na kamba iliyokunasa mguu ndiyo dharura yenyewe baharini.

Hatua ya 6: Kila ukirudi. Maji matamu, kitambaa kikavu, kisha mafuta ya nazi kidogo. Ala ya ngozi hunywa chumvi, basi nyumbani kisu kikae nje yake. Ya plastiki itoboe tundu chini maji yatoke. Na mpinini funga ugwe wa kuvaa mkononi, kwa sababu kikiponyoka kwenye mkondo wa kisiwa cha Manda hukipati tena.