Kutembea Brenne bila haraka: mwongozo wa mabwawa na misitu

Naishi Châteauroux, katikati kabisa ya Ufaransa, na kazi yangu ni mpishi. Mgahawa tunafunga Jumatatu, na Jumatatu kama haijanyesha mvua ya kukata tamaa huwa naenda Brenne. Wageni wangu nao huwapeleka huko: shangazi aliyekuja kutoka Tanga, marafiki wa Brussels wenye watoto, na jamaa mmoja wa Paris aliyedhani matembezi lazima yawe ya mlimani. Wote huniuliza maswali yale yale kwenye simu kabla ya kuja, basi nimeyajibu hapa.

Brenne iko mkoa wa Indre, mwendo wa kilomita arobaini hivi magharibi ya Châteauroux. Ni tambarare. Kuna vilima vidogo vya mawe mekundu, wenyeji huviita buttons, lakini hata mtu mwenye magoti mabovu anavipanda. Kinachokupeleka huko ni mabwawa. Wenyewe huiita nchi ya mabwawa elfu moja, na hapo wamejipunja, maana yako zaidi ya hayo. Katikati yake ni misitu ya mialoni, malisho ya ng'ombe, na vichaka.

Kutoka Paris unapanda treni stesheni ya Austerlitz, saa mbili hivi unashuka Châteauroux. Baada ya hapo unahitaji gari. Mabasi ya vijijini yapo, ila yamepangwa kwa ajili ya wanafunzi na wazee wanaokwenda sokoni, hayakupangwa kwa ajili yako. Kodisha gari pale mjini, au mje watu wanne mchangiane. Mgeni mwenye leseni ya nyumbani aje pia na leseni ya kimataifa.

Lijue bwawa kabla hujalizunguka

Mabwawa haya yametengenezwa na watu. Udongo wa Brenne ni mfinyanzi, maji hayazami, na kilimo kilikuwa cha taabu. Zama za Kati watawa wakaona afadhali wafuge samaki: Ijumaa na Kwaresima hawali nyama, na bahari iko mbali. Wakajenga matuta kwenye mabonde, maji yakakusanyika. Kazi hiyo ya samaki haijafa mpaka leo.

Ukishalijua hilo, utaanza kuisoma ardhi unapotembea. Mabwawa yamefuatana kama shanga, la juu linamwaga maji yake kwenye la chini. Kila bwawa lina tuta upande wake wa chini, na mara nyingi njia au barabara inapita juu ya tuta hilohilo. Simama hapo. Upande mmoja maji yako karibu na miguu yako, upande wa pili ardhi imeshuka ghafla, kuna mierebi na majani mabichi. Tafuta mlango wa maji. Mara nyingi ni mhimili wa mbao au chuma unaochomoza karibu na ukingo, na chini yake ndipo penye kina kirefu. Sehemu nyingine ya bwawa huenda maji yakakufika kiunoni tu.

Kuanzia Oktoba hivi hadi mwisho wa baridi, mlango huo hufunguliwa na bwawa linakaushwa kwa ajili ya kuvua. Ukibahatika kupita siku ya uvuvi, achana na ratiba yako. Maji yanapungua kwa siku kadhaa mpaka samaki wote wanabanana kwenye dimbwi moja mbele ya tuta. Wanaume kwa wanawake wanaingia na suruali za mpira zinazofika kifuani, wanavuta wavu taratibu, na maji yanaanza kuchemka kwa mikia. Carpe wakubwa wa rangi ya shaba wanamwagwa juu ya meza, wanachaguliwa haraka kwa mikono: huyu wa kuuza, huyu arudi akue, huyu wa kupandikiza bwawa jingine. Harufu ya tope inakaa kwenye koti lako mpaka kesho. Simama pembeni usizuie kazi, sema bonjour, na kama wanauzia watu palepale, nunua.

Mabwawa mengi yana wenyewe

Hili ndilo linalowashangaza wageni. Ramani imejaa rangi ya buluu, lakini sehemu kubwa ya mabwawa na misitu ya Brenne ni mali ya watu binafsi. Bwawa unaliona kutoka barabarani, zuri kabisa, na huwezi kulifikia. Ukiona kibao cha *propriété privée* (mali ya mtu binafsi) au *chasse gardée* (uwindaji wa mwenyewe tu), usipite hata kama geti liko wazi. Tangu sheria ya Februari 2023, kuingia kwenye shamba au msitu wa mtu uliowekewa alama ni kosa lenye faini inayoweza kufika euro 750.

Kwa hiyo mbinu si kutafuta bwawa kisha kutafuta njia. Anza na njia iliyowekewa alama, nayo itakupeleka kwenye maji. Alama zenyewe ni rangi iliyopakwa kwenye miti, nguzo na mawe. Mstari wa njano ni mzunguko mfupi wa eneo hilo. Nyeupe na nyekundu ni njia ndefu inayovuka mikoa, unaweza kuifuata kipande tu. Mistari imelala, endelea mbele. Imepinda, jiandae kukata kona. Ukiona msalaba umekosea njia, rudi ulikotoka. Ukitembea dakika kumi bila kuona alama yoyote, rudi mpaka pale ulipoiona mara ya mwisho. Usijidanganye kwamba itatokea mbele.

Nunua ramani ya karatasi ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita nne ni kilomita moja. Simu ni nzuri, lakini mtandao msituni unakuja na kuondoka, na baridi inakula betri.

Pa kuanzia

Mgeni wa mara ya kwanza nampeleka kijiji cha Rosnay. Pale karibu, kwenye kitongoji cha Le Bouchet, ndipo ilipo Maison du Parc, ofisi ya hifadhi ya eneo hili iliyoanzishwa mwaka 1989. Wana vipeperushi vya mizunguko, wanajua njia ipi imejaa maji wiki hiyo, na hawakuchoki hata Kifaransa chako kikiwa cha kuokoteza. Jirani yake ni ngome ya zamani, na nyuma yake bwawa kubwa kuliko yote Brenne, liitwalo Mer Rouge, yaani Bahari ya Shamu. Inasemekana bwana mmoja wa ngome hiyo alilipa jina hilo aliporudi kutoka vita vya msalaba. Maji yenyewe si mekundu.

Kutoka hapo nenda bwawa la Foucault, ambalo liko wazi kwa umma na lina kibanda cha kutazamia ndege. Wenye watoto wadogo wafikirie Bellebouche, upande wa Mézières-en-Brenne, ambako kuna njia ya kutembea na ufukwe wa kuogelea wakati wa kiangazi. Wapenzi wa ndege waende hifadhi ya Chérine, karibu na Saint-Michel-en-Brenne.

Usipange kilomita nyingi. Mzunguko wa kilomita sita hadi nane unatosha kwa nusu siku, kwa sababu nusu ya muda utakuwa umesimama. Wale wanaohesabu hatua kwenye saa zao huwa wananichosha. Bwawa unalolipita kwa mwendo wa askari halikuonyeshi kitu.

Kwenye kibanda cha kutazamia, ingia polepole, fungua kidirisha taratibu, na usitoe mkono nje kuonyesha. Kaa dakika ishirini. Aprili na Mei ndipo ninapopapenda zaidi. Siku ya jua baada ya baridi, tazama magogo yaliyolala majini: kile kilichofanana na jiwe ni kobe wa majini, wenyeji humwita cistude. Gamba jeusi, shingo imetapakaa vitone vya njano, mguu mmoja wa nyuma ameunyoosha hewani na vidole vimeachana ili jua liingie kila mahali. Akikusikia, unabaki na mduara tu juu ya maji. Usimwokote hata ukimkuta njiani. Ni mnyama anayelindwa, na mwishoni mwa Mei hadi Juni majike hutoka majini kwenda kutaga kwenye mchanga, kwa hiyo endesha gari taratibu.

Majira ya baridi, njoo kwa ajili ya korongo wa kijivu. Mchana wanatawanyika mashambani, na jua likielekea kuzama wanarudi kulala kwenye mabwawa kwa makundi, wakipiga kelele ambazo unazisikia kabla hujawaona. Desemba giza linaingia saa kumi na moja jioni, kwa hiyo uwe na tochi ya kukurudisha kwenye gari.

Wawindaji, kupe na viatu

Uwindaji unaanza mwezi Septemba na kuendelea mpaka mwisho wa Februari. Ukiona kibao cha *chasse en cours* (uwindaji unaendelea) au *battue* (msako wa wanyama), geuka, hata kama umebakiza mita mia mbili. Wakati huo vaa kitu cha rangi ya chungwa, na uulize mapema ofisi ya kijiji au ya utalii ni siku gani wanawinda wapi.

Kupe ni wadogo kuliko wale wa ng'ombe tuliowazoea, wengine ni kama punje ya ufuta, na wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme. Chomekea suruali ndani ya soksi. Jioni jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, na watoto nyuma ya masikio. Duka la dawa linauza kidude cha kumng'olea kinachoitwa *tire-tique*. Usimpake mafuta wala kumchoma. Ukiona duara jekundu linalotanuka kwenye ngozi siku au wiki kadhaa baadaye, nenda kwa daktari.

Viatu: msimu wa mvua, gambuti. Msimu mwingine raba imara zinatosha. Maji ya bwawa usinywe. Chupa ijaze kwenye bomba la kijijini; makaburi mengi ya vijijini nayo yana bomba, mradi halijaandikwa *non potable*, yaani maji yasiyonyweka.

Kula

Duka la mkate la kijijini mara nyingi linafungwa Jumatatu, siku yangu mimi, na siku nyingine linafunga mchana. Nunua mkate mapema, ongeza jibini la mbuzi la Pouligny-Saint-Pierre, lenye umbo la piramidi, linalotengenezwa hukuhuku.

Lakini chakula cha Brenne ni carpe wa kukaanga. Samaki huyu ana miiba mingi midogo, na ndiyo maana watu wengi humkwepa. Hapa wanachanja minofu mistari ya karibukaribu sana, kisha wanaikata vipande vyembamba na kuvitumbukiza kwenye mafuta ya moto mkali, miiba inaiva mpaka huisikii. Kinaliwa kwa mkono, na ndimu. Wageni wangu Waislamu huuliza kwanza ni mafuta gani, nami nawashauri wote waulize. Piga simu mapema, kwa sababu saa nane mchana jikoni kumeshafungwa, na mpishi wa kijijini hakufungulii hata ukimwambia na wewe ni mpishi.