Jinsi ya kufukua historia ya boma la mjini kwenu (usianzie kwenye kibao)

Wengi wetu tukitaka kujua jengo la zamani la serikali limetoka wapi tunaenda kusoma kibao cha mlangoni, tunapiga picha, basi tumemaliza. Kibao acha kwanza. Anza na ukuta.

Chukua Boma la Kale pale Dar, Sokoine Drive, ukishuka boti ya Zanzibar unavuka tu barabara. Watu kibao wanakwambia ni la Mjerumani kwa sababu ya hilo neno boma, maana ndivyo ofisi za utawala wa Wajerumani zilivyokuwa zinaitwa. Sasa angalia ukuta ulivyo mnene, mawe ya matumbawe na chokaa, halafu milango ya nakshi ya Kizanzibari, huyo Mjerumani gani? Lilijengwa 1866 hadi 67, enzi za Sultan Majid bin Said aliyetaka kuifanya Dar bandari yake, wageni wake wafikie hapo. Majid akafariki 1870, mji ukadorora, Wajerumani wakaja kukuta nyumba imeshasimama, na 1891 wakahamisha makao makuu kutoka Bagamoyo. Yaani walirithi tu.

Iringa ni kinyume chake. Lile lilijengwa na Wajerumani kweli, 1914, ila kama hospitali ya jeshi! Uboma ulikuja baadaye Mwingereza alipoligeuza ofisi, na leo ni makumbusho. Kwa hiyo jina linakwambia jengo lilikuja kufanya kazi gani, siyo nani alijenga.

Baada ya hapo makaratasi. Nyaraka za Taifa wako Upanga, Dar, nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, waulize vitabu vya wilaya vya enzi za Mwingereza, humo maDC walikuwa wanaandika kila kitu mpaka mambo ya koo na mipaka. Kosa nililofanya mimi ni kwenda na jina la sasa la mji. Lushoto kwa Mjerumani ilikuwa Wilhelmstal, Tukuyu ilikuwa Neu Langenburg, ukitafuta faili la Kijerumani kwa jina la leo utakaa hapo siku nzima unapigwa na feni. Na mafaili ya Kijerumani mengi ni mwandiko wa mkono wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo anahangaika nao, we piga picha kama wanaruhusu, msomaji utamtafuta baadaye.

Wazee nao usiwaulize mwaka, watakutajia wowote ili uridhike. Muulize babu ulipoletwa hapa kwa kodi ya kichwa ulisimama wapi, karani alikaa chumba gani, mahabusu walikuwa upande upi. Hapo atanyanyuka mwenyewe akuoneshe mlango ambao siku hizi umezibwa kwa tofali, na hilo tofali uliangalie vizuri maana kama ni la saruji kwenye ukuta wa chokaa ujue limekuja nyuma sana.