Kupiga kulintang: masikio kwanza, mikono baadaye

Kulintang ni safu ya patu nane za shaba, muziki wa Wamaguindanao na Wamaranao wa Mindanao, kusini mwa Ufilipino. Si bapa kama upatu wa ngomani kwetu. Kila mmoja una kitovu kilichotuna katikati, na hapo ndipo unapopiga.

1. Panga patu. Zilaze kwenye kiunzi cha mbao, juu ya kamba mbili zilizokazwa, vitovu vitazame juu. Mkubwa wenye sauti nzito uwe kushoto kwako, mdogo kabisa kulia. Zihesabu 1 hadi 8. Zisigusane wala kugusa mbao, la sivyo mlio utakufa.

Tafadhali usizilinganishe na piano. Mafundi wake hawafuati kipimo kimoja cha sauti, kwa hiyo pigo lilelile likihamia seti nyingine huvaa sura mpya. Mimi naupenda muziki huu kwa sababu hiyo hasa.

2. Shika mikwiro miwili ya mti laini. Gonga kitovu, inua papo hapo. Mwanzoni nilikuwa natumia nguvu za bega, na patu zikalia kama sufuria iliyoanguka jikoni. Acha kifundo cha mkono kifanye kazi.

3. Jifunze babandil kabla ya kwenda mbali. Huu ni upatu mdogo unaogongwa ukingoni kwa kijiti, tik-tik kavu, na ndio unaoshika mwendo wa kundi zima. Kuna mapigo kadhaa: duyug, sinulog, tidtu. Chagua moja, tafuta rekodi, gonga ukingo wa sufuria kwa kijiko ukiifuata. Ukiweza kuendelea huku mtu anakusemesha, limekuingia. Usiruke hatua hii hata ikikuchukua wiki tatu. Aga Mayo Butocan wa Chuo Kikuu cha Ufilipino aliandika mapigo haya kwa tarakimu, na zinasaidia kukumbuka, lakini wenyewe wamerithishana kwa kusikia.

4. Sasa kaa kwenye safu. Zoezi ninalowapa wanafunzi: kushoto ibaki kwenye 3, kulia ipokezane 4 na 5. Yaani 3-4-3-5, tena na tena, mpaka mikono isahau kuhesabu. Kisha panda ngazi moja: 4-5-4-6. Halafu 5-6-5-7, na 6-7-6-8.

5. Waite wenzako. Dabakan, ngoma yenye kiuno chembamba, na agung, patu kubwa zinazoning'inizwa. Kwa jadi wanawake walipiga kulintang na wanaume agung. Agung ikianza kuunguruma usishindane nayo kwa nguvu, sikiliza inapoacha nafasi.

Wamaguindanao hupandisha pigo toka patu nzito hadi nyembamba, kisha hulirudisha. Ukifika kwenye 8 usikimbilie kushuka. Zungusha hapo juu kidogo, halafu teremka ngazi kwa ngazi, ukamalizie kushoto.