Jinsi ya kuendesha mdahalo wa Buffalo wa 1843 chini ya mkwaju wa Malindi

Mdahalo huu wa watu weusi wa Marekani, waliokutana mjini Buffalo, nimeuendesha mara sita hapa Malindi, uani kwetu, chini ya mkwaju. Vijana huja baada ya Alasiri, na adhana ya Magharibi ikilia tunakunja mkeka. Wengi huja wakiamini, kama nilivyoamini mimi nilipokuwa shule, kwamba utumwa wa Marekani ulikomeshwa na Lincoln pamoja na wazungu wachache wenye huruma. Hawajasikia kwamba watu weusi wenyewe walikuwa wakikutana makanisani na kwenye kumbi, wakibishana kutwa: tupigane au tushawishi? Tubaki au tuhame? Tukihama, twende wapi? Ubishi huo ndio ninaotaka usikike kwa lugha yetu. Nimeandika hapa ninavyofanya, ili mwalimu au kiongozi wa kikundi aliye Lamu, Kilifi au kwingine asianzie nilipoanzia mimi.

Tafuta mkeka mkubwa wenye pembe nne, vikapu viwili vidogo vya ukili, kengele ya baiskeli ya kuhesabia muda, na komwe 37 za bao. Zihesabu mara mbili kabla watu hawajafika. Zikiwa 36 au 38 jioni yote imeharibika.

Anza kwa kusimulia kisa, usianze kwa kusoma hotuba. Mwezi wa Agosti 1843, mjini Buffalo, jimbo la New York, wajumbe weusi walikutana katika mkutano wao wa kitaifa. Henry Highland Garnet, mchungaji wa miaka 27, alisimama akatoa hotuba aliyoielekeza kwa watumwa wenyewe, si kwa mabwana zao wala kwa wafadhili. Alizaliwa utumwani Maryland, na familia yake ilitoroka naye angali mtoto. Mguu wake mmoja ulikuwa umekatwa. Akawaambia watumwa: nendeni kwa mabwana zenu, waambieni mnataka uhuru, waambieni utumwa ni dhambi, waahidini kazi ya bidii iwapo watawalipa ujira. Wakikataa, wekeni majembe chini. Na kama ni kufa, kufeni mkiwa huru kuliko kuishi watumwa. Aliwataja kwa majina waliokwisha kuinuka: Denmark Vesey, Nat Turner, Joseph Cinque wa merikebu Amistad.

Aliyempinga alikuwa Frederick Douglass, kijana wa miaka kama 25. Msisitizie hili kila msikilizaji: Douglass naye alitoroka, mwaka 1838, na siku ile ya Buffalo kisheria bado alikuwa mali ya mtu. Huyu hakuwa mtu wa raha anayewapoza wenzake. Hoja yake ilikuwa kwamba maneno ya Garnet yameelemea mno upande wa mabavu, na kwamba njia ya kuamsha dhamiri ipewe muda zaidi. Wajumbe wakapiga kura kama mkutano uipokee hotuba ile iwe yake. Waliosema ndiyo ni 18. Waliosema la ni 19.

Hapo ndipo namwaga komwe mkekani. Nazigawa polepole, moja kikapu hiki, moja kikapu kile, bila kusema neno, mpaka inabaki moja kiganjani. Naipitisha kwa kila mtu aishike. Komwe ni laini na baridi, nyepesi kuliko unavyodhani. Kisha naiweka kwenye kikapu cha la. Katika mara sita, sijaona kijana aliyekuwa bado anatazama simu yake dakika hiyo.

Sasa ugawaji wa nafasi. Mara ya kwanza nilimpa Garnet kijana mwenye sauti kubwa kuliko wote, na Douglass nikampa mpole. Garnet akashinda kwa mapafu, na hakuna aliyesikia hoja. Siku hizi nafanya kinyume: Garnet nampa mtu anayesema taratibu, ambaye neno likimtoka limepimwa. Maneno yake ni makali yenyewe, hayahitaji kupigiwa kelele. Douglass nampa mwenye sauti nzito na mapozi ya kuhutubia, na namwambia: kazi yako ngumu zaidi, unatetea subira mbele ya watu waliochoka kusubiri. Kila mmoja apate dakika saba, kisha mwenzake amjibu kwa dakika tatu. Kengele ikilia, sentensi inakatwa hapohapo. Usimwonee mtu haya.

Kazi kubwa kuliko zote ni ya maneno, na nakuomba uipe jioni nzima peke yake kabla ya mdahalo. Garnet alimaliza kwa neno moja alilolirudia mara tatu, akiwaagiza watumwa walifanye kuwa wito wao. Kamusi itakupa “upinzani”. Kijana mmoja wa Maweni alilisoma hivyo, na uani pote pakazuka minong’ono, kwa sababu upinzani kwetu ni chama cha siasa. Tukajaribu “ukaidi”, lakini ukaidi ni wa mtoto asiyesikia mamaye. Tukajaribu “uasi”, nalo likabeba dhambi, kana kwamba anayekosea ni mtumwa. Binti mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akasema, “Mwalimu, kwani lazima liwe jina? Si awaambie tu: kataeni.” Kataeni. Kataeni. Kataeni. Tangu siku hiyo tunasoma hivyo.

Kuna neno jingine zito zaidi, na hili usilikwepe. Sisi leo twasema uhuru. Lakini wazee wa pwani, kinyume cha mtumwa kwao kilikuwa muungwana. Uungwana ulikuwa nasaba, mavazi, adabu, nyumba ya mawe, na ndani ya hayo yote kulikuwa na kutomilikiwa na mtu. Waulize vijana: je, Garnet alikuwa akiwaambia watumwa wadai uhuru au wadai uungwana? Wataona wenyewe kwamba mtu aweza kuachwa huru, akapewa hata karatasi yake, na bado mtaani asihesabiwe muungwana. Na hilo ndilo lililowasumbua watu weusi huru wa Boston na Philadelphia: hawakuwa na bwana, lakini katika majimbo mengi hawakuwa na kura, na hata kiti cha kawaida kwenye garimoshi kilikuwa cha kugombania. Mjadala huu uache ujiendee. Mara moja ulikula saa nzima, nami sikuukata.

Kuna sentensi moja ya Garnet ambayo hapa petu haihitaji kufafanuliwa. Aliwaambia watumwa kwamba haiwezekani watoke wote kwa pamoja kama wana wa Israili, kwa sababu Mafirauni wako pande zote mbili za maji mekundu ya damu. Mwislamu na Mkristo wanaijua bahari ile na fimbo ya Nabii Musa. Isome, kisha unyamaze kidogo. Halafu iandike kwenye karatasi na uitunze, utaihitaji jioni ya pili.

Ukitaka kuwazoesha sauti zao, wape vipande vya hotuba ya Douglass ya tarehe 5 Julai 1852, aliyoitoa Rochester katika ukumbi wa Corinthian. Alialikwa kusherehekea uhuru wa Marekani, akawaambia waliomwalika kwamba sikukuu ile ni yao, si yake. Wao wafurahi, yeye hana budi kuomboleza. Kwa Kiingereza neno “yenu” halibadiliki umbo. Kwetu linabadilika kila linapokwenda: taifa lenu, baba zenu, uhuru wenu, sikukuu yenu. Msomaji mzembe atalimeza. Mwambie msomaji autie uzito mwisho wa neno, kwenye -enu, kila mara, bila kupandisha sauti. Wasikilizaji wataanza kuhisi wametengwa kabla hawajajua kwa nini.

Wasichana wasiachiwe kumimina kahawa. Mwaka 1832 Maria Stewart, mjane aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, alihutubia wanaume na wanawake pamoja mjini Boston, jambo ambalo karibu hakuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa amelithubutu. Nasi tunaye Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, na sanamu yake i hapahapa mjini. Ukimtaja Sojourner Truth, mama aliyewahi kuwa mtumwa, chunga: ile hotuba ya Akron ya 1851 inayorudiarudia swali “je, mimi si mwanamke?” iliandikwa hivyo miaka 12 baadaye na mtu mwingine, kwa lafudhi ya kusini, hali mama huyo alizaliwa New York na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kidachi. Taarifa ya gazeti ya mwezi uliofuata hotuba haina swali hilo. Soma hiyo ya mwanzo.

Jioni ya pili ni ya kuhama. Hapa vikapu viweke kando, utumie pembe za mkeka: pembe moja ni Kanada, moja ni Haiti, moja ni Afrika Magharibi, na ya nne ni kubaki. Wewe kazi yako ni kutaja miaka. Kila mwaka ukitajwa, mwenye sababu ya kuhama pembe anahama, na anaitoa sababu hiyo kwa sauti.

Anza na 1817. Nahodha Paul Cuffe, mweusi mwenye merikebu zake, alikuwa ametoka kuwapeleka watu 38 Sierra Leone. Wazungu wenye vyeo nao wakaunda chama cha kuwapeleka watu weusi huru Afrika. Mjini Philadelphia watu wapatao 3,000 wakakusanyika katika kanisa la Betheli. James Forten, fundi tajiri wa kushona matanga, moyoni alielemea upande wa kuhama. Ilipoulizwa nani anakubali, hakuna hata mmoja aliyeitika. Ilipoulizwa nani anakataa, kanisa likatikisika. Forten akaufuata umma. Mwache mchezaji wa Forten asimame katikati ya mkeka, asijue aende pembe gani. Mtu anayeijua kazi ya matanga atamwelewa.

Kisha 1850. Sheria mpya ya kuwarudisha watoro: aliyekamatwa haruhusiwi kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe, na kamishna analipwa dola 10 akiamuru arudishwe, dola 5 akimwachia. Taja tarakimu hizo mbili tu, kisha ngoja. Karibu wote watakimbilia Kanada. Hapo mwite Mary Ann Shadd, mwalimu aliyezaliwa huru, akahamia huko 1851 na miaka miwili baadaye akaanzisha gazeti. Mwaka 1854 ni wa Martin Delany, katika mkutano wa wanaotaka kuhama mjini Cleveland. Huyu Harvard ilimpokea asomee udaktari, kisha ikamtoa kwa sababu wanafunzi weupe walilalamika. Hoja yake ni ngumu kujibiwa: hakuna watu walio huru ikiwa wao wenyewe si sehemu ya wanaotawala nchi wanayoishi. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mtu mweusi si raia. Mwaka 1858 Garnet, yuleyule wa Mafirauni pande zote mbili, anaunda jumuiya yake ya kwenda Afrika. Sasa itoe ile karatasi, umpe mchezaji wake aisome tena akiwa amesimama pembe ya Afrika. Asijitetee haraka.

Mwaka 1861, Douglass, mkaidi wa kubaki, amejiandaa kwenda kuiona Haiti. Mchezaji wake ananyanyuka, anakaribia pembe. Piga kengele: vita vya Kaskazini na Kusini ya Marekani vimeanza. Anarudi. Mwaka 1863 anasimama kuwaita vijana weusi wachukue silaha, na wanawe wawili wanaingia jeshini. Huyo ndiye aliyewazuia wenzake kule Buffalo. Delany naye anarudi kutoka pembe ya Afrika, na 1865 anakuwa meja wa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini. Garnet atakufa Monrovia, Liberia, mwaka 1882.

Nimeona wenzangu wakiwafundisha watu hawa kama sanamu: Douglass wa subira, Garnet wa vita, Delany wa Afrika. Si kweli, na ni kuwadhulumu. Kila usemapo jina, sema na mwaka.

Jioni ya tatu ni yetu, na usiifanye kama hujapata ridhaa ya wazee. Mashamba ya mtama ya Malindi katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Waliotoroka walikwenda Witu kwa sultani aliyewapokea, au bara, Fuladoyo, makazi ya watoro. Hadhi ya utumwa haikufutwa na sheria katika pwani hii mpaka 1907. Bibi mzaa baba alikuwa akisema mamake “alikuja na watu”. Nilikuwa na miaka zaidi ya 40 nilipoelewa alitoka wapi na alikuja na watu gani. Kwa hiyo mzee akija, msalimu, mwekee kiti nje ya mkeka, na asiulizwe ukoo wake. Simu zisirekodi. Akitaka kusema atasema, na akinyamaza jioni nzima amekuja vilevile. Vijana waulizwe swali la Buffalo kwa mashamba yetu: wewe u shambani, Fuladoyo ni mbali kwa mguu, mamako hawezi kutembea. Wapige kura kwa komwe, kila mmoja na yake, wala usiwaambie matokeo mpaka wote wawe wameeleza sababu.

Mwisho wape karatasi, waandike ukurasa mmoja kwa jina lao: ningebaki, ningetoroka, ningehama, na kwa nini. Mimi nazihifadhi katika faili la plastiki, kwa kuwa wengine hurudi mwaka unaofuata wakaomba kuandika upya. Mwaka uandikwe juu kabisa, kabla ya jina.