Kokotoa ovataimu yako mwenyewe: mfano wa mlinzi wa zamu ya usiku

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya 2005. Mfano wetu ni mlinzi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, anayeingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Kama unauza dukani au unapika hotelini, njia ni ileile. Badilisha namba tu.

Hatua ya 1: Hakikisha vikomo vya saa za kazi vinakuhusu

Anayeachwa nje ni yule anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kuitwa "supavaiza" peke yake hakukuondolei ovataimu.

Hatua ya 2: Shika vikomo vyote kwa pamoja

Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi 6 kwa wiki. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaangalia siku, wanasahau wiki. Anayefanya kazi saa 8 kwa siku 6 hajavuka saa 9 hata siku moja, lakini wiki yake ina saa 48. Saa 3 hapo ni ovataimu.

Ovataimu yenyewe hufanywa kwa makubaliano, na makubaliano hayo nayo yana mpaka: siku nzima isizidi saa 12, na ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne. Kwa wa zamu za usiku, kumbuka kwamba "siku" kisheria ni saa 24 tangu unapoanza kazi kwa kawaida. Zamu haikatwi katikati saa 6 usiku ikahesabiwa kama siku mbili.

Hatua ya 3: Andika saa zako kila siku

Daftari la shule linatosha. Mstari mmoja kwa kila zamu:

*Jumatatu. Kuingia 12:00 jioni. Kutoka 12:00 asubuhi. Pumziko: hakuna, nilikuwa peke yangu getini. Nimesaini kitabu cha lindo.*

Usiruke neno la pumziko. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili pumziko la dakika 60, na mwajiri halazimiki kulilipia. Lakini akikutaka ufanye kazi au ubaki tayari kwa kazi wakati huo, analilipia. Mlinzi anayekula huku jicho liko getini hajapumzika, na saa hiyo ni ya malipo. Andika usiku uleule. Daftari lililojazwa kwa siku moja, kalamu moja na mwandiko mmoja, huangushwa kwa maswali mawili tu.

Hatua ya 4: Tafuta thamani ya saa moja

Tumia mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba au nauli haimo. Jedwali la sheria linataka ugawe mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. 4.333 × 45 ni 195, kwa kukadiria.

390,000 ÷ 195 = shilingi 2,000 kwa saa.

Ofisi nyingine hugawa kwa siku 30, kisha kwa saa 8. Inatoka 1,625, na mfanyakazi anapoteza shilingi 375 kwenye kila saa kabla hata ovataimu haijaguswa. Ukiona salari slipu yako ina kiwango kidogo cha ajabu, anza kukagua hapo.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya wiki

Viwango vya chini ni hivi: ovataimu ni mara 1.5 ya saa ya kawaida, yaani 3,000. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ni mara 2, yaani 4,000. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inaongezwa 5% kwa kila saa. Na kama saa hiyo ni ya ovataimu, 5% hiyo inapigwa juu ya kiwango cha ovataimu.

Usiku tano za kwanza: saa 9 za kawaida kila usiku, jumla 45. Wiki imejaa. Kila usiku unabaki na saa 3 za ovataimu, jumla 15. Usiku wa sita wote, saa 12, ni ovataimu. Jumla saa 27.

27 × 3,000 = 81,000.

Nyongeza ya usiku: saa 35 za kawaida (saa 2 usiku hadi saa 9 usiku, mara 5) × 100 = 3,500. Saa 25 za ovataimu (3 × 5, pamoja na 10 za usiku wa sita) × 150 = 3,750.

Jumla ya wiki ni 88,250. Ukizidisha kwa 4.333 unapata karibu 382,387 kwa mwezi. Mlinzi huyu anadai kiasi kinachokaribia mshahara wake wote, na ndiyo maana hesabu hii si ya kuonea aibu. Tena saa 27 kwa wiki ni 108 kwa wiki nne, zaidi ya mara mbili ya kikomo cha 50. Kuvuka kikomo ni kosa la ratiba. Hakufuti malipo ya saa zilizofanyika.

Hatua ya 6: Jiandae kwa jibu la "zamu za saa 12 zinaruhusiwa"

Ni kweli, zinaruhusiwa bila ovataimu, kwa makubaliano ya maandishi, zikiwa zimejumlisha muda wa chakula. Ila mpango huo haupiti siku 5 kwa wiki wala saa 45 za kawaida. Usiku sita haziingii humo. Omba kuonyeshwa hayo makubaliano yenye saini yako. Mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye.

Hatua ya 7: Dai kwa barua, kisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA)

Barua iwe fupi: "Ndugu Meneja, YAH: MADAI YA MALIPO YA SAA ZA ZIADA", kisha tarehe, saa, kiwango na jumla. Baki na nakala iliyosainiwa kupokelewa.

Majibu yasipokuja, usikae. Madai yasiyohusu kuachishwa kazi hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea (kuachishwa kazi ni siku 30). Jaza Fomu Na. 1, isaini, mpe mwajiri nakala na uwe na uthibitisho kwamba ameipokea. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi. Kama bado uko kazini, iache wazi. Andika kiasi kamili unachodai kwenye fomu, kwa sababu dai lisiloandikwa humo ni vigumu kuliingiza baadaye. Ukiwa umechelewa, ambatanisha Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, na ueleze kila siku ya kuchelewa ilipita vipi.