Manjano kwa Mtu Aliyezidiwa na Madini ya Chuma

Kabla ya kununua manjano ili kupunguza chuma mwilini, pima damu kwanza. Hapa Dar es Salaam mtu akilalamika uchovu huambiwa damu imepungua, akaletewa juisi ya rosela na maini ya kukaanga, na mara nyingi washauri wake wanakuwa sahihi. Lakini uchovu na maumivu ya viungo humpata pia mwenye chuma kilichozidi, na wawili hao hawatofautishwi kwa macho. Kipimo cha wekundu wa damu peke yake hakitoshi. Mwombe daktari akupime feritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, pamoja na asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma katika damu) iliyobeba chuma. Feritini inayozidi mikrogramu 300 kwa lita kwa mwanamume, au 200 kwa mwanamke, huku transferini ikivuka asilimia 45, ni jambo la kufuatiliwa. Usipime ukiwa na homa, kwa sababu feritini hupanda hata kwa maambukizi ya kawaida.

Mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi: hupoteza takriban miligramu 1 tu kwa siku, ilhali mfuko mmoja wa damu ya kuongezewa huleta miligramu 200 hadi 250, yaani mzigo wa zaidi ya nusu mwaka. Ndiyo maana wagonjwa wa selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara wamo katika hatari kubwa.

Rangi ya manjano hutokana na kukumini, kemikali inayoshikamana na chuma. Panya waliolishwa kukumini walipungukiwa na akiba ya chuma, na mwaka 2019 madaktari wa Marekani waliripoti mgonjwa aliyeishiwa chuma kwa kumeza vidonge vingi vya manjano. Hata hivyo, utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Thailand ulionyesha kuwa nusu gramu ya manjano katika mlo haikupunguza ufyonzaji wa chuma, wakati pilipili kali iliupunguza. Kwa hiyo usitegemee kiungo hiki kikufanyie kazi ya dawa. Ni msaada mdogo wa mezani.

Nunua mizizi mizima, kwa mfano Kariakoo, badala ya unga uliokwisha kusagwa, kwa maana katika nchi kama Bangladesh unga umewahi kukutwa umechanganywa na rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae. Osha udongo wote, kata vipande vyembamba, anika mpaka kipande kivunjike kwa mlio badala ya kupinda, kisha twanga kwenye kinu na uchekeche. (Vaa nguo ya zamani, doa lake halitoki kwa sabuni ya kawaida.) Kijiko kimoja cha chai, takriban gramu 3, kinatosha kwa sufuria la maharage la watu wawili: kikaange kwenye mafuta kwa moto mdogo pamoja na kitunguu, usikiunguze, ndipo utie maharage. Pilipili manga huongeza ufyonzaji wa kukumini, lakini hapa si lazima, kwani kazi tunayoitaka hufanyika tumboni, chakula kikiwa bado hakijafyonzwa.

Kinachosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni vile vinavyozunguka sahani. Kunywa chai ya rangi iliyokolea wakati wa mlo, na maji ya machungwa au ndimu uyaweke mbali na mlo huo, kwa kuwa vitamini C hurahisisha uingiaji wa chuma. Soma pia mfuko wa unga: sembe na ngano nyingi za viwandani zimeongezewa chuma, hivyo dona ya kusagisha mtaani inakufaa zaidi.

Mjamzito, mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, wasizidishe kiasi cha kawaida cha upishi. Vidonge vya manjano, hasa vilivyochanganywa na pilipili manga, vimewahi kuwadhuru watu ini, mimi sivishauri. Aliyeandikiwa deferasiroksi, dawa ya kuondoa chuma mwilini, au aliyepangiwa kutolewa damu hospitalini, asiache hata siku moja kwa kutegemea mboga yenye manjano.

Andika kwenye daftari tarehe na kiasi unachotumia, urudie vipimo vile vile baada ya miezi 3 katika maabara ile ile, na wekundu wa damu ukishuka, acha manjano siku hiyo hiyo umweleze daktari.